Farisi na Mwalimu: Jinsi Ualimu wa Kupanda Farasi Ulivyopata Cheti

Siku moja, tulipokuwa tukifundisha matumizi ya a-unganifu, tuliandika ubaoni maneno "mwalimu wa farasi" bila kufikiri sana. Mwanafunzi mmoja aliyekaa nyuma aliinua mkono akauliza: "Mwalimu, huyo anamfundisha farasi au anamfundisha mtu?" Darasa lilicheka, nasi tukacheka pamoja nalo, lakini jibu hatukuwa nalo. Huku kwetu Burundi, kwa sisi tuliolelewa kati ya ng'ombe, farasi ni mnyama wa vitabuni na wa methali. Watoto wetu hukariri kwamba mpanda farasi wawili hupasuka msamba kabla hawajamwona hata farasi mmoja. Neno hatamu wamelisikia katika hotuba za siasa, pale chama kinapotajwa kuwa kimeshika hatamu, wala hawajui kwamba ni mikanda ya ngozi inayofungwa kichwani mwa mnyama ili aongozwe. Swali lile lilitupeleka maktaba, tukakaa huko siku nyingi kuliko tulivyokusudia. Tuliyoyapata ndiyo tunayowaletea walimu wenzetu hapa.

Yafaa tuanze na neno lenyewe. Waarabu humwita mnyama huyu faras, na mtu ampandaye humwita faris. Kiswahili kiliyapokea maneno yote mawili. La kwanza limebaki na mnyama wake. La pili, farisi, lilimwacha mnyama njiani, na leo kamusi zetu hulieleza kuwa ni mtu stadi, hodari katika kazi yoyote ile. Fundi seremala aweza kuwa farisi, na mtunga mashairi pia. Kwa hiyo lugha yetu imekwisha kukiri kwamba mtu awezaye kumwongoza farasi ni bingwa. Haikusema, hata hivyo, kwamba bingwa huyo ni mwalimu. Pengo hilo kati ya farisi na mwalimu ndilo lililowasumbua watu wa Ulaya kwa karne kadhaa, hata wakafikia kutunga mitihani.

Mwalimu wa farasi wa kwanza ambaye maneno yake tunayo alikuwa akimfundisha mnyama. Jina lake Kikkuli, mtu wa nchi ya Mitanni, na mafundisho yake yalipatikana katika mabamba ya udongo yaliyofukuliwa kwenye magofu ya Hattusa, mji mkuu wa Wahiti, katika nchi ambayo leo ni Uturuki. Ni maandishi ya karne ya 14 hivi kabla ya Kristo. Kikkuli anaanza kwa kujitaja jina, cheo na nchi yake, kisha anaeleza siku baada ya siku jinsi farasi wa kukokota magari ya vita watakavyokimbizwa, watakavyonyweshwa na kuogeshwa. Jambo litakalowapendeza walimu wa lugha ni kwamba maandishi yameandikwa kwa Kihiti, lakini mahali pa kuhesabu mizunguko mwandishi anatumia namba za lugha nyingine iliyo jamaa ya Kisanskriti: aika ni moja, tera ni tatu, panza ni tano, satta ni saba. Ujuzi ulisafiri na maneno yake, kama vile maneno ya Kiarabu yalivyosafiri na majahazi hadi pwani yetu. Miaka elfu moja baadaye Mgiriki Xenophon aliandika kitabu juu ya upandaji farasi, akamwonya msomaji asimwendee farasi akiwa na hasira. Baada yake maandishi ya namna hiyo yalipungua sana barani Ulaya hadi karne ya 16.

Katika karne hiyo mji wa Naples ndio uliokuwa shule. Vijana wa kikabaila walikwenda huko kujifunza kwa Giovanni Battista Pignatelli, na mmoja wao, Mfaransa Antoine de Pluvinel, aliporudi kwao alifungua chuo mjini Paris mwaka 1594. Chuoni humo kijana hakujifunza farasi peke yake. Alifundishwa pia kucheza dansi, kupigana kwa upanga, hisabati na muziki. Pluvinel ndiye aliyemfundisha Mfalme Louis wa 13. Kitabu chake kilitoka mwaka 1623, naye alikuwa amekwisha kufa, na kimepangwa kwa mazungumzo: mfalme anauliza, mwalimu anajibu. Sisi tunaofundisha kwa mazungumzo ya "Hujambo, bwana?" tulijikuta nyumbani kabisa tulipoona mpango huo. Mfalme anaruhusiwa kutojua, na swali lake linaheshimiwa.

Je, nani alimthibitisha mwalimu wa namna hiyo? Nchini Ufaransa mamlaka hayo yalikuwa mikononi mwa Mkuu wa Mazizi ya Mfalme. François Robichon de la Guérinière, ambaye kitabu chake cha mwaka 1733 bado husomwa na wapanda farasi wa leo, alipewa hati yake mwaka 1715, akafungua chuo, na mwaka 1730 akakabidhiwa uwanja wa kifalme wa Tuileries. Hati hiyo ilikuwa heshima na ruhusa kwa pamoja. Aliyeitoa alimjua mtu, aliujua ukoo wake, alimwona akipanda. Hakuna aliyemwuliza aonyeshe jinsi ambavyo angemsaidia mwanafunzi mwoga.

Baadaye jeshi likachukua nafasi ya mfalme. Huko Saumur, mji ulio kando ya mto Loire, shule ya askari wapanda farasi ilianzishwa upya mwaka 1814 baada ya vita vya Napoleon, ikahamishwa kwa muda, ikarudi mwaka 1825. Walimu wake walivaa sare nyeusi, na kwa sababu hiyo wakaitwa Cadre Noir, jina ambalo bado wanalo. Katika shule ya jeshi cheo ndicho cheti. Mwenye nyota begani husema, na asiye nazo husikiliza. Hasara ya mpango huo ilionekana mapema. François Baucher, mmoja wa mabingwa wakubwa wa karne ya 19, hakuwa ofisa. Alionyesha kazi yake katika sarakasi. Mwaka 1842 jeshi lilijaribu mfumo wake, kisha likaukataa. Aliyeokoa sehemu ya elimu hiyo ni ofisa mmoja, Alexis L'Hotte, aliyekubali kuwa mwanafunzi wa Baucher na pia wa mpinzani wake mkubwa, Antoine d'Aure. L'Hotte mwenyewe aliongoza walimu wa Saumur kuanzia mwaka 1864 hadi 1870. Mtu ajifunzaye kwa walimu wawili wasiosemezana anahitaji unyenyekevu mwingi, nasi twamsifu kwa hilo kuliko kwa vyeo vyake.

Mwitaliano Federico Caprilli naye anatufundisha jambo jingine. Kabla yake mpanda farasi aliyeruka kizuizi alijiegemeza nyuma na kuvuta hatamu, na lijamu, yaani kile chuma cha kinywani, kikamwumiza mnyama katikati ya mruko. Caprilli alitazama farasi wakiruka bila mtu, akaona jinsi wanavyonyosha shingo, akaamuru mtu ainame mbele na kumfuata farasi. Leo dunia nzima huruka hivyo. Lakini Caprilli aliandika machache mno, naye alikufa mwaka 1907, akiwa na umri wa miaka 39, kwa kuanguka kutoka juu ya farasi. Elimu yake ilienea kwa sababu maofisa wa nchi nyingi walikwenda Pinerolo na Tor di Quinto kujifunza, nao wakarudi makwao kufundisha. Kama shule hizo zisingekuwapo, ufarisi wake ungezikwa pamoja naye.

Hapo ndipo tunapofika kwenye kiini cha habari yetu. Shule hizo zote zilikuwa za jeshi, na jeshi lilikuwa karibu kuachana na farasi. Katika Uingereza vikosi viwili mashuhuri, Hussars wa 11 na Lancers wa 12, viliachishwa farasi mwaka 1928 vikapewa magari ya deraya. Vingine vikafuata. Shule ya jeshi ya Weedon, iliyokuwa imetoa wakufunzi wa nchi nzima, ilifungwa mwanzoni mwa Vita Kuu ya Pili. Mtu angetarajia kwamba ualimu wa kupanda farasi ungekufa pamoja na askari wake. Haukufa, kwa maana watu wa kawaida walikuwa wameanza kupanda kwa burudani: wanawake, watoto, makarani wa mjini wenye nafasi siku za Jumamosi. Walihitaji walimu, na mtu yeyote mwenye farasi watatu na uwanja aliweza kubandika kibao mlangoni na kujiita mwalimu. Ofisa mstaafu alikuwa na cheo chake cha zamani cha kumpa sifa. Je, binti wa mkulima aliyejua kazi kuliko ofisa angeonyesha nini?

Cheti kilizaliwa kutokana na haja hiyo. Taasisi ya Farasi ya Uingereza iliundwa mwaka 1925, na mwaka 1947 iliungana na chama kingine kikawa Chama cha Farasi cha Uingereza. Chama hicho ndicho kilichojenga ngazi ya mitihani: mwalimu msaidizi, mwalimu, na juu kabisa daraja la wabobezi wachache. Majina ya ngazi hizo yamebadilishwa mara kadhaa tangu hapo, lakini ngazi zipo. Mtahiniwa haulizwi baba yake ni nani wala alikuwa na cheo gani jeshini.

Tuliposoma yanayotahiniwa tulishangaa jinsi yanavyofanana na mazoezi ya kufundisha tuliyoyapitia chuoni. Kupanda vizuri ni mwanzo tu. Mtahiniwa huulizwa zizi linavyotunzwa, chakula cha farasi afanyaye kazi na cha asiyefanya, dalili za msokoto wa tumbo, kwato zinavyokaguliwa, tandiko linavyopaswa kukaa mgongoni bila kuchubua. Kisha hukabidhiwa wanafunzi asiowajua, juu ya farasi asiowajua, akaambiwa: fundisha. Watahini wamesimama pembeni na karatasi zao. Hapo farisi wengi huanguka. Mwanafunzi anavuta hatamu. Farasi anatikisa kichwa kwa maumivu. Farisi anapiga kelele: "Usivute!" Mwanafunzi anaacha kwa hatua tatu, kisha anavuta tena. Mwalimu, kwa upande wake, anatazama chini zaidi, anaona kwamba mwanafunzi huyo hakukaa sawa, magoti yamebana, miguu haina uzito katika vikuku, naye anashikilia hatamu kama mtu anayezama ashikavyo jani. Basi anamrudisha kwenye mwendo wa polepole, anampa zoezi la kulegeza magoti, na mikono inatulia yenyewe bila kutajwa.

Walimu wenzetu wa huku watatuelewa tukisema kwamba tumeiona hali hiyo darasani. Mwanafunzi wetu mwenye Kirundi kama lugha ya mama anasema "kura" akikusudia "kula". Mzaliwa wa pwani atamsahihisha mara kumi, kwa uzuri kabisa, naye atarudia "kura" mara ya kumi na moja, kwa sababu hakuna aliyemwonyesha ulimi unakwenda wapi. Asemaye vizuri hakumbuki alivyojifunza. Katika mpango wa Uingereza uliotumika kwa miaka mingi, aliyefaulu jaribio la kufundisha alitakiwa bado kuandika saa 500 za kufundisha kabla ya kupewa cheti kamili cha mwalimu msaidizi. Sisi tulipohitimu hatukudaiwa hata nusu yake.

Serikali zikaingia katika jambo hili, na hapa njia zikaachana. Uingereza ilitunga sheria mwaka 1964, ikaifanyia marekebisho mwaka 1970, ya kwamba shule ya kupanda farasi iwe na leseni ya halmashauri. Sheria ilivitaja vyeti vya Chama cha Farasi kwa majina, lakini ilisema kwamba mwombaji aonekane anafaa kwa uzoefu wake au kwa cheti. Ilikataza shule kuachwa chini ya mtu wa umri wa chini ya miaka 16, ikadai bima, ikadai farasi wakaguliwe. Katika England sheria hiyo iliondolewa mwaka 2018 na nafasi yake ikachukuliwa na kanuni mpya za ustawi wa wanyama. Leseni basi ni ya mahali na ya mnyama. Mwalimu anayekwenda nyumba kwa nyumba kufundisha watu juu ya farasi wao wenyewe hakulazimishwa kuwa na cheti, na hata leo halazimishwi.

Ufaransa ilishika njia nyingine kabisa. Kwa sheria ya mwaka 1963 kazi ya kufundisha michezo kwa malipo iliwekwa chini ya diploma, na mwalimu wa kupanda farasi akaingizwa humo pamoja na mwalimu wa kuogelea na wa kuteleza thelujini. Kufundisha kwa malipo bila sifa hizo ni kosa la jinai. Adhabu yake yaweza kufika kifungo cha mwaka mmoja na faini ya euro 15,000. Saumur nayo ilivua magwanda: mwaka 1972 iliundwa Shule ya Taifa ya Upandaji Farasi, na wale wa sare nyeusi wakawa walimu wa raia. Mwaka 2011 UNESCO iliutambua upandaji wa desturi ya Kifaransa kuwa urithi wa binadamu. Kwa maoni yetu Wafaransa walikaza mno na Waingereza walilegeza mno. Lakini tukilazimishwa kuchagua kwa ajili ya mtoto wetu wenyewe, tungempeleka kule ambako anayemfundisha ametahiniwa. Anayeanguka kutoka juu ya farasi huvunjika. Anayekosea ngeli huchekwa tu.

Hata hivyo hatutaki msomaji adhani kwamba tunaabudu karatasi. Katika Michezo ya Olimpiki ya London, mwaka 1948, Waswidi walishinda nishani ya dhahabu ya timu katika mashindano ya farasi wa madaha, yale ambayo farasi hupimwa kwa utii na uzuri wa mwendo. Kanuni za wakati huo ziliruhusu maofisa tu kati ya wanajeshi. Mmoja wa Waswidi hao, Gehnäll Persson, alikuwa sajini aliyepandishwa kuwa ofisa kwa muda wa mashindano, kisha akarudishwa kwenye cheo chake. Siri ilipofichuka, mwaka 1949, timu ilinyang'anywa ushindi na dhahabu ikapewa Ufaransa. Hakuna aliyedai kwamba Persson alipanda vibaya. Kanuni ilibadilishwa, mwaka 1952 huko Helsinki wasio maofisa waliruhusiwa, na wanawake pia kwa mara ya kwanza katika mchezo huo. Persson alirudi, na timu yake ikatwaa dhahabu mwaka huo na tena mwaka 1956. Nishani ya fedha ya mtu mmoja mmoja huko Helsinki ilikwenda kwa mwanamke wa Denmark, Lis Hartel, ambaye polio ilikuwa imempooza miguu chini ya magoti.

Tuliposoma habari za Persson tulimkumbuka mzee mmoja tuliyefanya naye kazi tulipokuwa vijana, katika shule ambayo hatutaitaja. Alizaliwa katika mtaa wa Waswahili, alijua mashairi kwa mamia, na wanafunzi wake waliandika insha zilizotuaibisha sisi wenye diploma. Alikuwa farisi na mwalimu kwa pamoja. Siku moja lilikuja agizo kwamba asiye na cheti asisimame mbele ya darasa. Sisi tuliokuwa nacho tulipewa vipindi vyake, naye akapewa funguo za stoo. Hatukupinga. Tulikuwa na watoto wachanga na mshahara mdogo, na hizo ndizo sababu tulizojipa. Hakuna aliyemwita afanye mtihani, ambao bila shaka angeufaulu, na lawama yetu iko hapo: cheti kilitakiwa, lakini mlango wa kukipatia haukufunguliwa.

Tumalizie na Vienna, kwa kuwa huko swali la mwanafunzi wetu limejibiwa kwa namna ya ajabu. Shule ya Kihispania ya Upandaji Farasi imetajwa katika maandishi tangu mwaka 1572, na jumba lake jeupe lilikamilika mwaka 1735. Anayeanza hapo huwekwa juu ya dume mzee mwenye ujuzi, akizungushwa kwa kamba ndefu, bila hatamu wala vikuku, hata akae sawasawa. Farasi ndiye mwalimu. Miaka minne hadi sita hupita kabla hajawa mpanda farasi msaidizi. Kisha hukabidhiwa dume kijana asiyejua lolote, naye humfundisha kwa miaka mingine minne hadi sita, mpaka mnyama huyo aweze kuonyeshwa mbele ya watu. Hapo ndipo huyo mtu huhesabiwa kuwa amehitimu. Mtihani wake ni farasi aliyemlea. Kwa hiyo "mwalimu wa farasi" kule ana maana zote mbili, na ya tatu ambayo a-unganifu wetu pia inairuhusu: farasi mwenyewe.

Tulimpelekea kijana wetu jibu hilo mwishoni mwa muhula. Alifikiri kidogo, akauliza kama wasichana nao huingia shule hiyo. Tukamwambia kwamba kwa zaidi ya karne nne hawakuingia. Wawili wa kwanza walipokewa kuwa wanafunzi mwaka 2008, na mmoja wao alihitimu mwaka 2016.